Mpinzani Aliyehamia Usinge

Ukitaka kumuudhi Mhoja binti Limbu wa Choma, msifie wimbo wake. Mwambie sauti yake ni tamu, mwambie Mungu amemjalia kipaji, kisha kaa uone atakavyokugeuzia mgongo na kwenda kuwafukuza kuku ambao hawajamkosea kitu. Wageni wanaomfuata siku hizi kutoka mjini, wenye simu zao kubwa na viatu vyeupe visivyoliweza vumbi la Igunga, hudhani bibi ana maringo. Si maringo. Mwanamke huyu alikuzwa kwa matusi, na uzeeni amelishwa sifa mpaka amekinai.

Niseme mapema ni matusi gani hayo, maana neno lenyewe linaweza kukupoteza. Kule kwao, mavuno yakishaingia ghalani na kiangazi kikishakausha njia, vikundi viwili vya ngoma huitana uwanja mmoja. Kila kikundi kina manju wake, yaani yule anayetunga na kuongoza nyimbo, na manju hao wawili huimbana kutwa nzima, ngoma zikilia kwa pamoja upande huu na upande ule, watazamaji wakiwa huru kwenda wanakovutwa. Jua likitua, aliyezungukwa na watu wengi ndiye mshindi. Na huwavuti watu kwa kuimba habari za maua. Unawavuta kwa kumchoma mwenzako: mwendo wake, ng'ombe wake, ugali wake, ile siku aliyoanguka na baiskeli mbele ya wakwe. Ila mipaka ipo, na kila mtu anaijua. Marehemu haguswi. Tumbo lisilozaa haliguswi, wala maradhi. Na mvua ya kwanza ikidondoka, midomo inafungwa, watu wanarudi kulima kama majirani.

Mpinzani wa Mhoja aliitwa Koleta. Alikuwa mke wa Kornel, Mkatoliki wa kijiji cha ng'ambo ya mbuga, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito iliyoanza chini, taratibu, halafu ikapanda mpaka wenye ng'ombe mbali wakasimama kusikiliza. Mhoja sauti yake ilikuwa nyembamba na kali. Huyu akikata, yule akiponda, na misimu mingi ilipita hivyo. Walimaliza ujana wao wakitukanana, wakazaa wakitukanana, na nywele zikaanza kuota mvi wakiwa bado hawajaelewana nani zaidi.

Mwaka aliofariki mume wa Mhoja, Koleta alifika msibani na kikundi chake kizima. Walichota maji, wakachanja kuni, wakapika. Koleta hakumwambia mfiwa neno hata moja, ila siku ya kuondoka alimwekea mkono begani kidogo, akaenda zake. Baada ya hapo kila mtu alimchukulia Mhoja kama yai. Majirani walishusha sauti akipita, wanawake wenzake walimpokonya ndoo kisimani, na yeye akazidi kunyauka. Kiangazi kikaja. Koleta akaingia uwanjani akaimba kwamba Mhoja amenenepa kwa kula pole za watu, kwamba siku hizi hata machozi yake yana mafuta, mtu anaweza kukaangia maandazi. Uwanja mzima ulishtuka. Kisha Mhoja mwenyewe akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na ndipo watu wakathubutu kucheka naye. Siku hiyo alihisi amerudishwa kwa watu walio hai, na hakumsahau aliyemrudisha.

Msije mkadhani walikuwa marafiki. Hawakuwahi kula sahani moja. Lakini Mhoja alipokuwa shambani, jembe mkononi, na mstari mzuri ukamjia, hakuuona umati ukishangilia. Alimwona Koleta, jicho moja amelifinya, akiusikiliza mstari ule na kutafuta mahali pa kuupasulia. Kwa ajili ya jicho lile Mhoja aliutengeneza mstari upya, na upya tena, mpaka usiwe na ufa.

Wa kuzisambaza nyimbo zao alikuwa Rashidi, mwenye duka la kanda pale Mtendeni, Tabora mjini. Alifika viwanjani na redio yake kubwa na kipaza sauti alichokifunga kwenye mpini wa ufagio, akarekodi siku nzima, akarudi mjini kuzalisha kanda. Na Rashidi alikuwa na utaratibu wake: upande wa kwanza wa kanda alimweka Mhoja, upande wa pili Koleta. Ukimaliza kumsikia mmoja akimvua nguo mwenzake, unageuza kanda, unamsikia mwenzake akijibu. Kanda hizo zilipanda treni kwenda Kigoma na Mpanda, zikapanda malori kwenda Nzega na Kahama. Ndiyo njia ile ile waliyopita wapagazi wa zamani na pembe zao mabegani, na Mhoja alipenda kusema kwamba babu wa babu yake alikwenda Pwani na mzigo akarudi na nyimbo. Rashidi alikuwa akicheka, anasema yeye mwenyewe ni mpagazi, tofauti ni kwamba mizigo yake inaimba.

Kisha ardhi ya kina Koleta ikachoka. Kornel alisikia kwamba kule Usinge, magharibi, karibu na misitu, bado kuna mashamba ya kuanza upya, mahindi yanakubali na mizinga inajaa. Wakauza ng'ombe wachache, wakafunga vyombo, wakahama katikati ya masika. Midomo ilikuwa imefungwa, kwa hiyo hapakuwa na wimbo wa kuagana, na watu wawili ambao hawajawahi kuzungumza ila kwa nyimbo wangeagana vipi? Mhoja alisikia habari hiyo kwa muuza chumvi. Msimu uliopita yeye ndiye aliyefunga uwanja, basi neno la mwisho lilibaki kuwa lake. Asiyejua atasema hongera. Mhoja aliona kama ameachwa na mkono hewani, ameutoa kwa mtu ambaye hayupo tena.

Vikundi vipya vilikuja kumkabili, akavipiga vyote bila jasho, na uwanja ukaanza kupungua watu. Vijana walikwenda kwenye muziki wa spika. Kanda nazo zilizikwa na sidii, sidii zikazikwa na flashi, flashi zikazikwa na mtandao, na Rashidi alizika zote akiwa kwenye kiti kile kile pale Mtendeni, maboksi ya kanda yamemzunguka mpaka dari. Alikuwa akimwambia kila aingiaye kwamba watu watazirudia tu. Hawakuzirudia, na mwisho akazikwa yeye.

Duka likabaki kwa binti yake, Zuwena. Huyu ni mwanamke wa akili za haraka, hana muda wa kulilia maboksi. Alijaza duka chaja na kava za simu, akajifunza kukata na kuunganisha video, na siku moja, alipokuwa akisafisha stoo, akacheza kanda moja ya baba yake kwa udadisi tu. Alisimama na ufagio mkononi mpaka upande wa kwanza ukaisha. Wiki haikupita akapanda basi la Nzega, akaulizia, akaunganisha usafiri, akafika Choma kwa Mhoja. Alimwamkia, akajitambulisha kuwa ni binti Rashidi, akaomba amrekodi kwa simu, nyimbo zirushwe mtandaoni.

Mhoja alikubali kwa heshima ya marehemu. Aliimba amekaa kwenye kigoda, mkwe wake Theodora akipiga ngoma, ndama akipita nyuma yao bila adabu. Zuwena aliirusha video hiyo, na yaliyofuata hata yeye hakuyatarajia. Ilitazamwa Mwanza, Dar es Salaam, Mombasa, na hata na Watanzania walioko nchi za baridi ambao waliandika kwamba wamelia. Theodora alikuwa akimsomea mama mkwe wake maoni hayo jioni wakipepeta mahindi. Bibi uishi milele. Bibi, sauti ya dhahabu. Mioyo myekundu, mistari na mistari ya mioyo. Mhoja alisikiliza siku ya kwanza kwa mshangao, ya pili kwa uvumilivu. Baadaye akamuuliza mkwe wake kama katika watu wote hao hakuna hata mmoja mwenye masikio.

Zuwena alipokuja tena, amejaa furaha, Mhoja alimtilia maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akamngoja anywe, kisha akauliza jambo lililomkaa rohoni.

"Na upande wa pili uko wapi?"

Zuwena hakuelewa. Mhoja akamweleza: kanda ya baba yako ilikuwa na upande wa pili. Mimi nikinyamaza, Koleta anaanza. Hapa kwenye simu yako naanza mimi, namaliza mimi, halafu linakuja tangazo la sabuni. Zuwena alicheka, akasema mtandaoni hakuna upande, mtu yeyote anaweza kujibu. Alikusudia kumfariji. Mhoja akalishika neno hilo kama lilivyo: kama yeyote anaweza kujibu, basi na Koleta anaweza.

Hapo ndipo nyimbo zilipomrudia. Kwa muda mrefu alikuwa akirudia za zamani tu, kwa sababu mpya hazikuja. Zilikuja nusu, zikamtazama, zikaondoka, kwa kuwa hapakuwa na wa kumtungia. Sasa alitembea nyuma ya ng'ombe akinong'ona. Alikuwa na hamu ya Koleta, hamu ya kweli, ile inayokaa kifuani chini kidogo ya koo, na kwa mila ya kazi yao hamu haisemwi kwa jina lake. Mtu unayemtaka uwanjani unamchokoza. Akakaa tena kwenye kigoda mbele ya simu ya Zuwena, akaimba:

Koleta mke wa Kornel, nasikia umekuwa bubu,
ngoma yako imeliwa na mchwa, umeanikia mboga juu yake.
Wewe uliyetetemesha mbuga, leo unaimbia nyuki,
na nyuki nao, wakikusikia, wanahama na masega yao.
Kama bado una mdomo, ufungue. Niko hapa nimesimama.

Jamani, mtandao uliwaka. Maana simu ina ujanja mmoja: mtu akipenda wimbo wako hujigawia nusu ya kioo, wewe ukaimba kushoto, yeye akakujibu kulia. Basi wakajitokeza akina Koleta wasio na idadi. Kijana dereva wa lori alijibu akiwa ameegesha porini, anapiga mdundo kwenye usukani. Msusi wa Kahama alijibu huku anasuka, na mteja wake akawa kiitikio. Mwalimu mmoja wa Sikonge alijibu na darasa zima. Watu ambao hakuna kituo cha redio kingewafungulia mlango, ambao Rashidi na kipaza sauti chake asingewafikia hata angeishi miaka mia, walikuwa wakitunga beti, wengine vibaya kabisa, wengine vizuri mpaka Mhoja akamtaka Theodora arudie. Yule msusi aliimba kwamba bibi wa Choma ana kandambili moja ya kwake na moja ya jirani, na Mhoja alicheka, akasema huyu mtoto angepata manju wa kumkalia karibu angefika mbali.

Alizisikiliza zote. Kila Theodora alipofungua simu, moyo wa Mhoja ulikwenda mbio, kisha ukarudi mahali pake. Kiangazi kiliendelea, majibu yakaongezeka, na huzuni yake nayo ikaongezeka, jambo ambalo mkwe wake hakulielewa. Wajukuu wale wa mtandaoni walikuwa wanacheza, na wanacheza vizuri, lakini walikuwa wanamtukana bibi yeyote tu. Kutukanwa barabara kunataka mtu anayekujua. Nani kati yao alijua kwamba Mhoja anaogopa kenge? Nani alijua habari za baiskeli na wakwe? Alikuwa amezungukwa na watu wengi kuliko manju yeyote aliyewahi kusimama Igunga, na uwanja wa ng'ambo ulikuwa mtupu.

Kisha wakaja wenye huruma. Hao ndio ninaowaogopa mimi. Wakaanza kuandika kwamba haipendezi mtu mzima kumsema mwenzake vile, bibi atubu, bibi aache kinyongo, maisha ni mafupi. Wengine walilishika neno bifu, wakauliza mabibi hawa waligombania mume gani. Mwishowe kijana mmoja mwenye chaneli ya habari za wasanii akafunga safari mpaka Usinge na kamera yake, kwenda kuwapatanisha watu ambao hawajagombana.

Video ya huko ilipotoka, Theodora aliileta mbio, na Mhoja akaweka ungo chini. Alimwona Koleta. Alikuwa amekonda, amekaa kwenye kiti cha plastiki kwenye uwanja uliofagiwa, kitenge amekizungusha shingoni ingawa jua lilionekana kali. Pembeni yake alisimama mwanaume mwenye shati la kanisani, akajitambulisha kuwa ni Nestory, mwanawe. Huyo ndiye aliyesema. Alisema mama yake ameshaachana na mambo hayo, kwamba anamwombea Bibi Mhoja, na kwamba amemsamehe kwa moyo mweupe. Koleta alitikisa kichwa mara moja. Muziki laini ukawekwa, njiwa wa kuchorwa wakaruka, na video ikaisha.

Watu walifurahi sana. Waliandika kwamba huo ndio ukubwa, waliandika amina. Mhoja alibaki ametazama kioo kilichokwisha kuzimika.

"Nimemkosea nini mpaka anisamehe?" akamuuliza Theodora.

Hakula siku hiyo. Angeweza kuvumilia matusi mabaya kupita yote aliyowahi kuimbiwa, angeweza hata kuvumilia Koleta aseme hamkumbuki. Kusamehewa ni kuambiwa kwamba yale yote yalikuwa ubaya: msimu baada ya msimu, kile kicheko cha baada ya msiba, zile kanda zilizokuwa zikigeuzwa. Na kusamehewa kwa kinywa cha mwana! Ina maana amekuwa mkubwa kiasi hicho, ana msemaji? Zuwena alipiga simu kutoka Mtendeni akashauri warekodi video ya shukrani, watu wanaingoja. Mhoja alimjibu kwamba atakwenda Usinge, na kwamba hataki kamera.

Alikwenda peke yake. Alipanda basi mpaka Tabora, akalala kwa Zuwena katikati ya maboksi ambayo binti yule hakuwa na moyo wa kuyatupa, na kesho yake akapanda treni ya kwenda Kigoma. Alikaa dirishani na kikapu chake mapajani. Treni ilipita Urambo, ikapita Kaliua, miombo ikawa minene, mizinga ikaonekana juu ya miti, na Mhoja akawaza jinsi Koleta alivyoipita njia hii na vyombo vyake bila kujua kama huko mbele kuna uwanja. Alikuwa ametunga maneno makali ya kuingilia uani. Kadiri walivyokaribia, yalimtoka moja baada ya jingine, na alipoteremka Usinge alikuwa amebakiwa na hofu tu, kwamba atakaribishwa vizuri.

Ilikuwa hivyo hasa. Nestory alimpokea kwa shikamoo na heshima zote, akamtua kikapu, akamwonyesha jikoni, banda la nje lililoezekwa kwa nyasi. Koleta alikuwa ameinama anasonga ugali. Aligeuka. Walitazamana, na hakuna aliyesalimu kwanza, kwa sababu huko nyuma salamu zao zilikuwa ngoma. Kisha Koleta akafungua mdomo kusema karibu, na kilichotoka kilikuwa pumzi. Pumzi yenye mikwaruzo, kama mtu anayepuliza jivu.

Nestory ndiye aliyemweleza, taratibu, akiangalia chini. Rovu. Lilimwota mama shingoni miaka mingi, likakua kwa ndani, na mpaka wanamfikisha hospitali kumpasua lilikuwa limeshaukaba mshipa wa sauti. Alipona, anakula, analima, ila sauti haikurudi. Ananong'ona tu, nako kunamchosha. Yule kijana wa kamera alipokuja akitaka mama ajibu, Nestory aliona aibu kuiweka hali hiyo mtandaoni, ndipo akasema maneno aliyodhani ni mazuri. Habari ya kusamehe aliitunga yeye. Mama mwenyewe alikuwa amemkasirikia tangu siku hiyo.

Mhoja alikaa chini kwenye gogo la jikoni bila kukaribishwa. Alimkumbuka mwanamke aliyesimamisha wachunga ng'ombe, akakumbuka na wimbo alioutuma yeye mwenyewe duniani kote, umekuwa bubu, kama una mdomo ufungue, na aibu ikamshika mpaka masikio. Alikuwa amegusa kisichoguswa na hakujua. Akaanza kuomba radhi, kwa Kisukuma, kwa haraka, maneno yakigongana.

Koleta akampiga pajani kwa mwiko wenye ugali. Mhoja akanyamaza. Koleta alisogeza kigoda chake mpaka magoti yao yakagusana, akainama, akaweka mdomo kwenye sikio la mwenzake, na jicho moja akalifinya.

"Jibu lipo," akanong'ona. "Lipo tangu nilipokusikia. Sikuwa na wa kunitolea. Imba."

Akaanza kumpa, mstari mmoja mmoja, akipumzika katikati. Mhoja alisikiliza mstari wa kwanza akatoa macho. Akasikiliza wa pili, akashika mdomo. Akaomba ngoma. Nestory akaleta dumu la mafuta lililokuwa tupu, akaligeuza, akaketi nalo. Halafu akaona haya kidogo, akauliza kama anaweza kutegesha simu, na mama yake akaitikia kwa kichwa. Video hiyo ipo, na mpaka leo watu wanauliza chini yake kwa nini yule bibi anajitukana mwenyewe, tena kwa furaha kiasi kile. Wengine wanashauri apelekwe hospitali. Sauti ni ya Mhoja, nyembamba na kali, lakini ukiwa na masikio utasikia kwamba wimbo unaanza chini, taratibu, kisha unapanda, jinsi ambavyo yeye hakuwahi kutunga maishani mwake:

Mhoja binti Limbu, umenifuata mpaka porini,
ng'ombe wako wamekonda kwa kusikiliza unavyojisifu.
Umeshangiliwa na wasiojua ngoma, ukajaa kama kiriba,
lakini kenge akikatiza njia, shujaa anapanda mti na kanga yake inabaki chini.
Ulianguka na baiskeli, wakwe wakafumba macho;
leo umeanguka na simu, dunia nzima imetazama.

Majirani walikuwa wamekwisha kusogea. Watoto walicheka, wanawake wakaacha mitwangio. Kila mstari Koleta aliutia sikioni, na kila mstari Mhoja aliutoa kifuani akiulenga kwake mwenyewe, na hakuwa amejisikia mzima namna hiyo kwa miaka mingi. Alidhani wimbo umekwisha. Koleta akamshika bega, akainama tena, akakawia kidogo kutafuta pumzi, akampa mstari wa mwisho.

Mhoja alifungua mdomo. Aliimba mwanzo wake tu, nikifa mimi, Mhoja, na hapo sauti ikakatika. Nestory aliendelea kupiga dumu peke yake, asijue afanye nini. Majirani wakangoja. Mhoja akajaribu tena, akafika mahali pale pale, akakwama, machozi yakimtiririka mbele ya watu asiowajua, na Koleta akagonga ardhi kwa mwiko mpaka Mhoja akautoa wote:

Nikifa mimi, Mhoja, nani atakutukana?
Nani atakutukana, binti Limbu, nani anayekujua?

Koleta alikunja uso kama fundi aliyeletewa kazi iliyopinda, akamvuta sikio karibu na mdomo wake.

"Rudia," akanong'ona. "Na usilie, unaharibu mdundo."

Mhoja akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akamwashiria Nestory apige, akaanza tena kutoka juu.